Skonzi za jana



Jumamosi moja ya masika yaliyopita kamati ya msikiti wetu iliandaa darsa ya familia, ianze baada ya swala ya Alasiri na imalizike kwa Magharibi. Tuliagiza skonzi 240 kwa muokaji wa mtaani, tukaazima mabirika ya chai, tukatandika mikeka hadi barazani kwa ajili ya akina mama na watoto. Saa nane mchana mawingu yakafunga, na anayeijua Dar es Salaam anafahamu kwamba mvua ya Aprili ikishashika haimngoji mtu afike aendako. Barabara zikageuka mito. Waliofika hawakutimia watu 70, wengi wao majirani wa karibu waliovuka kwa miavuli. Shekhe alisomesha kwa sauti ya kushindana na bati, chai ikanywewa, na baada ya Magharibi tukajikuta tumebaki wanakamati wanne, mabirika yaliyopoa, na skonzi 150 ndani ya mifuko yake.

Katibu ndiye mwenye daftari. Usiku ule ule tukaandika kwamba zilizobaki zitagawiwa sadaka kwa wanafunzi wa madrasa kesho yake asubuhi. Tuliandika kwa mwandiko mzuri na, tukiri, kwa nafsi iliyotulia. Chakula hakikutupwa, watoto watafurahi, hesabu imefungwa.

Jumapili watoto 45 walipewa skonzi mbili mbili, kavu, bila chai, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuipika. Walipokea kwa mkono wa kulia na kusema jazakallahu khairan kama walivyofundishwa. Adhuhuri ilipokaribia, mama anayefagia madrasa alikunja mikeka na kukuta skonzi 31 chini yake. Baadhi zilikuwa zimeng'atwa mara moja tu. Nyingine hazikuguswa kabisa, zimelaliwa bapa kama barua iliyofichwa, na sisimizi wameshapanga msafara.

Tulikasirika. Ghadhabu yetu ilikuwa ya kielimu sana, yenye hadithi za tonge lililoanguka na aya za israfu, na tukapanga kuwasomea watoto somo zima juu ya kuheshimu riziki. Lakini kabla ya kwenda kwao tulipitia jikoni kwa Bi Mkubwa, ambaye amesimamia jiko la msikiti wetu tangu sisi tukiwa bado tunasoma Juzuu Amma. Tulimweleza habari yote. Alisikiliza huku akichambua mchele, asiinue macho, mpaka tulipomaliza. Kisha akauliza, "Katibu mwanangu, na wewe ulikula ngapi?"

Hatukuwa tumekula hata moja. Asubuhi ile nyumbani kwetu kulikuwa na chapati za moto.

Wasomaji waliopita vyuoni watakumbuka mafunzo ya aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayowakataza waumini kuchagua kilicho duni wakakitoa, ilhali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Tulifundishwa na sababu ya kushuka kwake. Baadhi ya Ansari wa Madina walikuwa wakileta mashada ya tende na kuyatundika kwenye kamba baina ya nguzo za Msikiti wa Mtume (s.a.w.), ili Muhajirina mafukara waje wachume na kula. Wakapatikana watu walioleta tende mbovu, zilizosinyaa, wakazichanganya na nzuri. Tuliliandika jibu hilo katika mtihani na tukapewa alama zote. Miaka imepita, tukatundika skonzi ngumu katika msikiti wetu wenyewe na tukaingiza jambo hilo kwenye daftari la sadaka.

Bi Mkubwa hakutusomea aya. Aliuliza tu zilizobaki ziko wapi. Zilikuwa 60, katika kabati la ofisi. Akasema, "Kesho baada ya Alfajiri ziletwe hapa, na trei la mayai, na maziwa lita mbili. Wewe uje na mikono mitupu, ujifunze." Mayai na maziwa yalitoka mfukoni mwetu. Si kafara ya kisheria, wala hatuifanyi kuwa hiyo, lakini tuliona ndivyo inavyopasa.

Huenda mtu akauliza katibu wa msikiti ana shughuli gani na kikaango. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Hilo linatutosha kuwa ruhusa, na akina baba wanaosoma ukurasa huu wakiwa wanangoja chai waletewe wana hiari ya kulifikiria.

Kwanza alikagua. Alifungua kila mfuko, akanusa, akageuza skonzi moja moja dirishani penye mwanga. Mfuko mmoja wa skonzi kumi ulikuwa na doa la kijani upande wa chini, katika skonzi mbili tu. Sisi tulidhani atakata sehemu ile. Aliutupa mfuko wote. Ukungu katika mkate laini, alisema, unaoonekana ni maua yake tu, mizizi imeshatembea ndani, na mkate ulioshinda nao mfuko mmoja haufai tena. Ni kweli, na wataalamu wa afya ya chakula husema hivyo hivyo. Kuokoa chakula hakumaanishi kumlisha mtu sumu. Basi tukabaki na skonzi 50.

Hapa inafaa tuseme skonzi ni kitu gani, maana jina limesafiri. Kwa Waingereza, waliotuletea neno hilo, ni kitumbua cha kuoka kisichotiwa hamira, kizito, cha kuvunjika vunjika. Yetu sisi ni mkate mdogo wa duara, laini, wenye hamira, sukari, mafuta na mara nyingine maziwa, unaookwa ukiwa umebanana na wenzake hadi ukitoka hushikana ubavu kwa ubavu. Sukari na mafuta hayo ndiyo huufanya uwe mwororo siku ya kwanza. Siku ya pili wanga uliolainishwa na joto la tanuri huanza kujipanga upya na kukaza, na ndiyo maana mkate huwa mgumu hata ukiwa umefungwa vizuri usikauke. Ajabu ni kwamba baridi ya friji huharakisha kukaza huko. Anayeweka skonzi kwenye friji ili zisiharibike huzikinga na ukungu, lakini huzizeesha upesi. Ni afadhali azile siku hiyo, au azigandishe kabisa kwenye friza.

Ugumu huo ambao ulitushinda sisi ndio Bi Mkubwa aliokuwa akiutaka. Ili tuamini, alimtuma kijana dukani kununua skonzi moja ya asubuhi ile, akaipasua, akaichovya katika mayai na maziwa pamoja na ya juzi. Ile mpya ilinywa haraka, ikalegea, na alipoiinua ikakatikia bakulini. Ya juzi ilikunywa pole pole, ikajaa, ikainuka nzima. "Hii si makombo," alisema akiielekeza kwetu. "Hii imeiva kwa kazi yake." Kuanzia hapo tulianza kuelewa tulikosea wapi. Tulimpa mtoto kitu kilichokwisha wakati wake wa kuliwa kikavu, na hatukujua kwamba wakati wake mwingine ulikuwa ndio kwanza unaingia.

Sasa tueleze namna alivyofanya, kwa kipimo cha nyumba ya watu watano au sita, maana si kila familia ina trei la mayai.

Skonzi sita za jana au juzi zipasuliwe katikati kwa kisu chenye meno, ziwe vipande kumi na viwili, kila kimoja na uso mweupe upande mmoja na gamba la kahawia upande wa pili. Vipande vianikwe wazi kwenye sinia wakati unatayarisha vingine, vipigwe na hewa kidogo. Katika bakuli pana pasua mayai manne, utie chumvi ya kubana kwa vidole viwili, hiliki iliyotwangwa karibu nusu kijiko cha chai, na ukwangue kungumanga kidogo. Piga kwa uma hadi ute usionekane ukining'inia. Bi Mkubwa hulipitisha hata kwenye chujio, kwa kuwa ule uzi mweupe wa yai ukibaki hujikaanga peke yake juu ya mkate na kuonekana kama kitambaa. Kisha tia maziwa kikombe kimoja cha robo lita, na ukoroge.

Utaona hatukutaja sukari. Tulipoiulizia tulitazamwa kama mtu aliyeuliza chumvi ya kutia baharini. Skonzi ina sukari yake tayari. Ukiiongeza katika mayai, uso utaungua kabla ya kati kuiva, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waseme skonzi hazifai kwa pishi hili, kwamba linataka mkate wa slesi. Zinafaa, ila zinataka subira na moto mdogo.

Kuchovya nako kuna utaratibu wake. Gamba la skonzi halinywi, uso uliopasuliwa ndio unaokunywa. Kwa hiyo kipande hutangulizwa kifudifudi, uso mweupe chini, kwa muda wa kuhesabu kumi na tano taratibu, kisha hugeuzwa mara moja upande wa gamba na kuondolewa. Usikibonyeze. Kilaze kwenye sinia dakika mbili tatu, ili maji ya juu yapate kushuka hadi katikati. Wenye haraka huruka hatua hii, nao hupata mkate uliolowa nje na mkavu ndani.

Kikaango kiwekwe kwenye moto wa chini, chini kuliko wa chapati. Samli kijiko kimoja itoshe vipande vinne. Samli ni bora kuliko siagi kwa kazi hii, kwa kuwa siagi ina chembe za maziwa zinazoungua na kuacha madoa meusi. Asiye na samli atumie mafuta ya kawaida, hapana ubaya. Uso mweupe utangulie, dakika tatu hivi, mpaka uwe na rangi ya ngozi ya tende mbichi inayoanza kuiva. Geuza, kisha funika kikaango kwa dakika moja na nusu au mbili. Mfuniko huo una maana kubwa. Mvuke unaobaki ndani ndio unaoivisha yai lililojificha katikati, na yai lisiloiva vizuri si la kumpa mtoto mdogo, mjamzito wala mzee. Bonyeza kwa kidole: kikirudi juu na kisitoe maji, kimeiva. Kikitoa maji ya njano, kirudi.

Mchanganyiko wa mayai na maziwa usikae nje katika joto letu zaidi ya saa moja. Ukibaki kidogo, umimine kikaangoni uwe kiwanda cha yai la mtu wa mwisho, ambaye kwetu siku ile alikuwa mwandishi wa safu hii.

Kwa watoto 45 Bi Mkubwa hakukaanga. Alipaka samli sufuria mbili pana, akapanga vipande vilivyopasuliwa vikiegemeana kama vigae vya paa, akamimina mayai na maziwa juu yake, akaviacha nusu saa vinywe. Halafu akapalia makaa, kidogo chini na mengi juu ya mfuniko, namna ile ile inayopikiwa mkate wa kumimina. Baada ya dakika 40 hivi alifunua, na harufu ya hiliki ikatoka hadi kwenye mlango wa madrasa. Tulisikia sauti za alif, ba, ta zikipungua nguvu moja baada ya nyingine. Mwalimu mwenyewe alichungulia.

Tulitaka kuvipeleka mara moja. Bi Mkubwa alituzuia, akatukalisha kwenye kigoda, akatupa sahani ya kwanza. Alisimama palepale akitutazama mpaka tulipomaliza, bila neno. Baada ya hapo ndipo aliporuhusu sufuria zitoke. Watoto walikula vipande viwili viwili, na vichache vilivyozidi viligombewa kwa namna ambayo mwalimu alilazimika kuiingilia. Mkekani hapakuwa na kitu. Tulikunja wenyewe tukaangalia.

Jina la pishi hili lilitusumbua kidogo tulipotaka kuliandika katika daftari. Wengi bara huliita mkate wa mayai. Lakini mwenyekiti wetu ana asili ya Unguja, akapinga, kwa sababu kwao, na vilevile Mombasa, mkate wa mayai ni kitu kingine kabisa, ule wa sukari na mayai yanayopigwa hadi yafure, unaookwa ukawa mwepesi kama sifongo. Mtu akialikwa mkate wa mayai Unguja akaletewa slesi zilizochovywa, atasema mwenyeji amemtania. Tukaandika skonzi za mayai, na mwenyekiti akaridhia.

Ubishi huo ulitutia hamu ya kutazama watu wengine wameliitaje, na hapo tulikuta jambo lililotushughulisha kuliko tulivyotarajia. Pishi lenyewe ni la kale. Katika kitabu cha mapishi cha Warumi kinachonasibishwa na jina la Apicius umo mkate mweupe unaolowekwa katika maziwa, ukakaangwa, ukamiminiwa asali. Wafaransa, ambao kwa Kiingereza pishi hili limeitwa kwa jina lao, wao wenyewe huliita mkate uliopotea, yaani ule uliokwisha kuhesabiwa hasara. Wajerumani huliita mashujaa maskini. Waislamu wa Bara Hindi wana ndugu yake wa karibu: mkate hukaangwa kwa samli, ukalowekwa katika maziwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, pamoja na hiliki na zafarani, ukapambwa kwa lozi na pistachio. Huupika kwa Idi na kwa wageni wa heshima, na huuita shahi tukra, kipande cha kifalme.

Mkate ni ule ule wa jana. Mmoja aliutazama akaona hasara, mwingine akaona umaskini, na mwingine akautia zafarani na kumwekea mfalme. Tulimsomea Bi Mkubwa majina hayo, akacheka sana kwa lile la mashujaa, kisha akasema zafarani ni ghali, hiliki inatosha.

Kuhusu viungo, liko jambo moja la kuangaliwa na familia zetu. Mapishi mengi yaliyoandikwa ng'ambo hutaka maji ya vanila, na mengine ya Ulaya hutaka hata mvinyo. La mvinyo halina mjadala. La vanila linafichika zaidi, kwa sababu vanila ya maji iliyo halisi hutengenezwa kwa kuloweka maganda yake katika pombe. Kwa sheria za Marekani, kwa mfano, haiitwi kwa jina hilo mpaka iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Masheikh wana maelezo yao juu ya kinachoyeyuka na kutoweka katika chakula, na safu hii si mahali pa kutoa fatwa. Sisi tunasema tu kwamba soma kibandiko cha chupa, na kwamba yapo maganda yenyewe ya vanila, yanayolimwa Kagera na ng'ambo ya mpaka Uganda, ambayo ukiyapasua na kuchemsha katika maziwa hayana shaka yoyote. Na ipo hiliki, ambayo haijawahi kumwangusha mtu wa pwani.

Juu ya sahani, asali inatosha. Watoto wetu walipewa tende zilizolowekwa katika maziwa ya moto na kupondwa hadi zikawa uji mzito, kwa kuwa palikuwa na tende za Ramadhani zilizobaki, na sisi baada ya mkasa ule tulikuwa tumeanza kufungua kila kabati. Kwa asiyetumia maziwa, tui jepesi la nazi hufanya kazi ile ile, ila moto upunguzwe zaidi, kwani tui likipata moto mkali hukatika.

Kikao cha kamati kilichofuata hakikuwa laini kama skonzi. Mweka hazina wetu ni mtu wa hesabu, na alileta hesabu. Alisema trei la mayai na lita mbili za maziwa vimegharimu zaidi ya skonzi 50 zilizookolewa, basi tumeokoa nini? Tungezitupa na kununua mpya, fedha zingebaki. Hatukupata jibu la haraka, na hata leo hatudhani kwamba alikosea katika hesabu. Mtu akitaka kubana matumizi, skonzi za mayai si njia ya kwanza. Tulichoweza kumjibu ni kwamba mayai na maziwa hayakununuliwa kwa ajili ya skonzi, yalinunuliwa kwa ajili ya watoto, ambao wengi wao huja madrasa bila kifungua kinywa, na kwamba wiki iliyotangulia tulitumia fedha kidogo zaidi na wakaondoka na njaa. Alinyamaza, akaandika kitu, kisha akasema, "Haya. Lakini msiagize tena 240."

Katika hilo alituzidi, na tukapitisha. Sasa idadi ya skonzi za darsa hupangwa kwa waliojiandikisha Ijumaa baada ya swala, siyo kwa matumaini ya katibu. Jikoni pamewekwa kikapu cha kitambaa, na kinachobaki huingia humo usiku ule ule, si kabatini. Fungu dogo la mayai limeingia katika bajeti ya madrasa, mara mbili kwa mwezi, asubuhi ya Jumapili. Liko jambo ambalo halikupitishwa kwa kura bali limekuwa desturi: sahani ya kwanza hupewa mmoja wa wanakamati, na Bi Mkubwa husimama.

Tatizo tulilonalo sasa hatukulitazamia. Kwa kuwa tunaagiza kwa kiasi, darsa huisha na kikapu kiko kitupu, na Jumapili watoto wanauliza. Mwezi uliopita ilibidi twende kwa muokaji Ijumaa jioni kununua skonzi 25 za kuweka mpaka Jumapili. Alitutolea za moto, zilizotoka tanurini wakati ule ule. Tulimwomba kama anazo za jana. Alitutazama, akamtazama mwenzake, akauliza tena taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, "Katibu, unataka za jana?" Tukamwambia ndiyo, za jana, na kama zipo za juzi zisizo na ukungu, tutachukua na hizo.